Nimeokota vipande vitano Tanga: nitajuaje kama ni visukuku vya baharini?

kijana_wa_chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Naomba msaada kwa wanaojua visukuku vya baharini, yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani. Ndiyo kwanza naanza. Picha nyingi za mtandaoni ni za Uingereza na Moroko, hazifanani na mawe ya kwetu. Nina vipande vitano mezani:

Namba 1 ni jiwe la kijivu, upana sentimita 12 hivi. Uso wote umejaa vijiduara, na kila kijiduara kina mistari myembamba inayokutana katikati. Lilikuwa limeanguka chini ya mwamba Raskazone.

Namba 2 limetoka hapohapo. Ni jiwe la msokoto, refu sentimita 5, limepinda kama konokono lakini halina ganda wala mchoro wowote, laini kila upande.

Namba 3 ni vitu vitatu vyenye umbo la tende, vilikuwa vimejaa ndani ya mashimo ya bonge la tumbawe. Jirani anasema ni mayai ya kiumbe fulani.

Namba 4 ni jino jeusi la pembetatu, sentimita 2. Nimelikuta juu ya mchanga Mwambani, karibu na mikoko.

Namba 5 ni kipande cha kokoto ngumu ya kijivu kutoka kwenye lundo la kujengea, dereva alisema mzigo umetoka upande wa Amboni. Ndani yake kuna mviringo unaojizungusha, kipenyo sentimita 4.

Maswali yangu: nitajuaje hiki ni kisukuku na hiki ni ganda la juzi tu? Vinasafishwaje? Na je, kuna sheria inayonihusu?

---

mwamba_na_bamvua

Marahaba kijana. Jambo la maana kuliko yote umeshalifanya: umesema kila kipande kimetoka wapi. Kisukuku kinatambuliwa kwa kuanzia na mwamba, umbo linafuata. Ukianza na umbo utalinganisha na picha za Moroko, halafu utalipa jiwe la Raskazone jina la kiumbe aliyetoweka mamilioni ya miaka kabla mwamba huo haujakuwepo.

Hapa Tanga zoea kutofautisha miamba miwili. Wa kwanza ni ule wa matumbawe ulio kandokando ya bahari, wenye mashimomashimo na ncha zinazokata viatu. Umri wake ni mdogo. Matumbawe yake yanahusishwa na kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya ilivyo leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Viumbe vilivyomo karibu vyote vina jamaa zao walio hai leo hapo mbele majini. Mwamba wa pili ni chokaa ya Amboni, ile yenye mapango: imeshikana, ya kijivu, ya kipindi cha Jurasi, umri wake unakadiriwa miaka milioni 150 hivi. Humo ndimo viumbe waliotoweka wanapotarajiwa. Amonaiti, wale viumbe wa bahari wa ganda la mviringo lenye vyumba, waliisha miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo anayekuonyesha "amonaiti wa Raskazone" amekosea kabla hujatoa lenzi mfukoni.

Kuna na mwamba wa tatu unaowachanganya wengi, nao ni mchanga wa ufukweni ulioganda katikati ya maji kupwa na maji kujaa. Unaweza kuganda haraka sana, na maganda yaliyomo huwa ni ya juzi. Uvunje kidogo uangalie: ukiona kipande cha chupa, tofali au kigae, hiyo si kazi ya visukuku. Hali kadhalika vipande vya kuta za zamani. Chokaa ya kujengea ina punje nyeusi za mkaa ndani yake, mwamba wa asili hauna.

Sasa vipande vyako.

Namba 1 ni tumbawe, sina shaka. Swali ni tumbawe gani na kama ni la kale. Kila kijiduara ni kikombe alichokaa mnyama mmoja, na ile mistari ni viwambo vyake. Pima upana wa kikombe kwa rula yenye milimita. Vikombe vikiwa vidogo sana, milimita 1 hadi 1.5, vimebanana bila nafasi, fikiria Porites, ambaye ndiye mkubwa wa miamba mingi ya hapa. Vikiwa milimita 5 hadi 15 na kila kimoja kina ukuta wake, uko kwenye kundi la Favia na jamaa zake. Vikombe vikiwa vimeungana na kuwa mabonde yanayopindapinda, tafuta Platygyra. Hesabu na viwambo vikuu: matumbawe ya sasa huvipanga kwa 6 na mafungu ya 6. Yale matumbawe ya kale sana unayoyaona kwenye picha za nje, yenye mpangilio wa 4, yaliisha zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita na hayamo katika miamba hii miwili ya Tanga.

Kama ni la kale, vunja kona ndogo ya upande usio na sura. Tumbawe lililokufa karibuni ni jeupe ndani, jepesi, vitundu viko wazi na viwambo vina ncha kali. La kale huwa zito kuliko ulivyotarajia kwa ukubwa wake, vitundu vimejaa, na sehemu iliyovunjika inametameta kwa vipande bapa vya kalsaiti, ambayo ni madini ya chokaa. Sababu ni kwamba tumbawe hai hujengwa kwa aragonaiti, aina nyingine ya madini ya chokaa, na maji ya mvua yakipita humo kwa maelfu ya miaka huiyeyusha na kuacha kalsaiti mahali pake. Ndiyo maana katika matumbawe mengi ya kale viwambo vimefifia katikati ya jiwe lakini vinaonekana vizuri ukingoni. Usilitupe jiwe kwa sababu katikati hakusomeki.

Namba 2 ni ujazo wa ndani wa konokono wa bahari. Hapa pana jambo linalowatesa wanaoanza, basi nitalieleza taratibu. Konokono akifa, matope ya chokaa yanaingia ndani ya ganda na kuganda. Baadaye ganda lenyewe, ambalo kwa konokono wengi ni aragonaiti, linayeyuka. Kinachobaki ni ule ujazo, laini, bila mapambo, kwa sababu upande wa ndani wa ganda haukuwa na mapambo. Chaza na jamaa zake wenye maganda ya kalsaiti hawayeyuki kirahisi. Kwa hiyo katika mwamba uleule utakuta ganda la chaza limesimama zima na konokono aliyekuwa jirani yake amebaki ujazo mtupu. Anayeanza huona hivyo akadhani chaza ni wa juzi na konokono ni wa kale. Wote umri mmoja.

Ujazo pekee mara nyingi haukupi jina la spishi. Rudi mahali ulipotoka utafute chapa ya nje, yaani shimo lenye mapambo ya ganda yaliyobaki ukutani. Lisafishe kwa mswaki, lilowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo ili pasigande, kandamiza plastisini (udongo laini wa kufinyangia) ndani, ivute taratibu. Utapata sura ya nje ya konokono kama ilivyokuwa, na hapo unaweza kulinganisha na makome ya leo.

Namba 3 si mayai. Ni viumbe wa maganda mawili wanaotoboa matumbawe, kundi la Lithophaga. Kata shimo moja kwa urefu: mdomo ni mwembamba, ndani kumepanuka, mwisho ni mviringo. Mnyama huingia akiwa mdogo, anakua humohumo na hawezi kutoka tena. Ukibahatika utaona mstari wa maganda mawili umezunguka "tende" yako kwa urefu. Usipouona, basi ulicho nacho ni matope yaliyojaza shimo tupu, nayo bado ni kisukuku halali: ni alama ya kazi ya mnyama.

---

lenzi_mara_kumi

Naunga mkono yote ya mkuu hapo juu, niongeze 4 na 5.

Jino kwanza. Usilipe umri kwa sababu ni jeusi. Mikoko ya Mwambani ina tope jeusi linalonuka mayai viza, na tope hilo halina oksijeni. Ganda, mfupa au jino likizama humo huvaa salfaidi ya chuma na kuwa jeusi kwa muda mfupi sana ukilinganisha na umri wa kisukuku. Liweke juani na hewani wiki chache: weusi wa tope mara nyingi hugeuka hudhurungi au kutu kwenye kingo. Halafu tazama sehemu iliyovunjika. Weusi ukiwa ngozi tu na ndani kweupe, ni jino lililotiwa rangi na tope. Rangi ikienda mpaka kiini, una sababu ya kuendelea kuchunguza.

Jaribio la pili ni la moto, lifanye pale penye mzizi wa jino na si kwenye taji. Pasha sindano iwe nyekundu, igusishe kwa sekunde moja. Harufu ya nywele zilizoungua maana yake protini bado ipo, jino ni la karibuni. Isiponuka, usikimbilie kusema la kale. Huenda jua na maji vimemaliza protini.

Kuhusu aina: taji hung'aa, mzizi haung'ai na una vitundu. Pembetatu pana yenye meno madogo ya msumeno kingoni ni ya kundi la papa wa kawaida wa pwani, jino la taya ya juu. Nembamba, ndefu, bila msumeno, ni papa mwingine kabisa, anayekamata samaki kwa kuwachoma. Lile lililopinda upande mmoja na lenye pengo kubwa upande wa pili ni la papa chui. Na watu wasikudanganye kuhusu megalodoni, yule papa mkubwa wa picha za sinema: alitoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, hawezi kutoka kwenye mwamba wa miaka 125,000. Ukiokota kipande bapa chenye pembe sita, upande mmoja laini na upande wa pili una vijimfereji sambamba, hicho ni kipande cha taya ya kusagia cha samaki taa. Wanaoanza hukiacha wakidhani ni kigae.

Namba 5 ndiyo tamu, maana chokaa ya Amboni inaruhusu amonaiti kwa umri wake. Lakini kuruhusu si kuthibitisha. Loweka jiwe, utaona zaidi ya ulivyoona likiwa kavu. Kama bado halisomeki, lisugue kwa msasa wa maji juu ya kioo kilicholazwa: anza na msasa namba 220, nenda 400, 800, malizia 1200. Kila hatua sugua mpaka mikwaruzo ya hatua iliyopita iishe yote, na suuza kabisa kabla ya kubadili, punje moja ya 220 ikibaki itaharibu kazi yote ya 800.

Ukishasugua tafuta kuta za ndani. Amonaiti na jamaa yake nautilasi wana vyumba, na kuta zao hukatisha mviringo kwa nafasi zinazoongezeka polepole kuelekea nje. Konokono hana mpangilio huo, bomba lake ni moja wazi. Ukiona vyumba, tafuta mahali kuta zinapogusa upande wa nje. Mstari wa muungano ukiwa umenyooka au umepinda taratibu, ni nautilasi. Ukiwa na makunyanzi na matawi mengi, ni amonaiti. Kijimrija kinachopita vyumbani nacho husaidia: kwa nautilasi kiko katikati au karibu na katikati, kwa amonaiti kiko ukingoni, mara nyingi ukingo wa nje.

Kosa kubwa hapa ni kuchanganya mbavu na mistari ya muungano. Mbavu ni mapambo ya nje ya ganda, zina mwinuko ukipitisha ukucha. Mstari wa muungano ni bapa, huonekana pale tu ganda la juu limebanduka. Konokono pia anaweza kuwa na mbavu.

Tazama na upande. Amonaiti wengi wamejikunja katika bapa moja, pande mbili zinalingana. Konokono huinuka upande mmoja. Kwenye kokoto iliyovunjwa na mashine utaona tu jinsi mkato ulivyopita, kwa hiyo geuza jiwe uone pande zote tano au sita kabla ya kusema neno.

---

siki_si_dawa

Kabla hajakwenda jikoni kuchukua siki, naomba niseme jambo. Kila anayeanza huambiwa amwagie siki, ikitoa povu ni kisukuku. Si kweli. Siki inakuambia jiwe lina chokaa, basi. Simiti hutoa povu, chokaa ya ukutani hutoa povu, ganda ulilokula jana hutoa povu. Na siki haichagui: inayeyusha kisukuku sawasawa na jiwe lililokishika, kwa sababu hapa kwetu vyote viwili ni kalsaiti.

Kama unataka kujua mwamba ni chokaa, kwangua unga kidogo kwa msumari upande wa nyuma, tia tone moja la siki juu ya unga huo, angalia kwa lenzi. Siki ya dukani ni asilimia 5 hivi, povu lake ni dogo na linachelewa, ndiyo maana unga unahitajika. Kisha suuza. Maji ya betri usiyaguse kabisa. Yanaunguza macho na ngozi, na juu ya chokaa yanatengeneza ngozi ya jasi inayozima povu, ukadanganyika kwamba jiwe si chokaa.

Jaribio la ugumu linakupa habari zaidi kwa hatari ndogo. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, ukucha uko 2.5, kalsaiti 3, msumari wa chuma karibu 5, kioo cha dirisha 5.5, gumegume 7. Msumari ukikwaruza na siki ikitoa povu, ni chokaa. Msumari ukiteleza na jiwe likakwaruza kioo, sehemu hiyo imegeuka gumegume, na visukuku vilivyogeuka hivyo hutunza umbo vizuri sana.

---

kijana_wa_chumbageni

Asanteni sana wakuu. Nimefanya mlivyosema. Namba 1: vikombe ni milimita 8 hadi 10, kila kimoja na ukuta wake, kona niliyovunja inametameta. Namba 4: ndani ni jeupe kabisa, kingo zina msumeno. Namba 5: nimesugua mpaka 800, mviringo hauna kuta za ndani, na upande mmoja umeinuka. Msumari unakwaruza ile sehemu nyeupe.

Nimeokota na kingine hapo Raskazone: ganda moja bapa lenye mistari inayotoka kwenye kona, sijui ni la maganda mawili au ni wale brakiopodi wa kwenye picha, ambao nao wana maganda mawili.

---

lenzi_mara_kumi

Namba 1 ni tumbawe la kale la kundi la Favia, andika hivyo na uachie hapo. Jina la spishi linahitaji kulinganisha viwambo kimojakimoja. Namba 4 ni jino la papa wa pwani, la karibuni. Liweke, utalihitaji kulinganishia. Namba 5 ni konokono wa Jurasi aliyekatwa. Si amonaiti, lakini ana umri wa mwamba wake, na ndicho cha kale kuliko vyote ulivyo navyo. Andika "konokono, chokaa ya Amboni kwa maelezo ya dereva". Hayo maneno ya mwisho yasikosekane, maana hukumtoa wewe mwenyewe mwambani.

Kuhusu ganda jipya, lisimamishe kona ikiwa juu, chora mstari wa katikati kwa kufikiria. Brakiopodi: nusu ya kushoto na ya kulia ya ganda moja zinalingana, ila ganda la juu na la chini hayafanani. Kombe na wenzake: ganda moja halilingani kushoto na kulia, ila maganda mawili ni sura moja iliyogeuzwa. Wanaovunja kanuni ni chaza, ambaye maganda yake mawili hayafanani, na wale wa umbo la upepeo (feni ya mkono) wenye mistari, ambao karibu walingane pande zote. Hawa wa mwisho watazame kwenye kona: wana masikio mawili, na mara nyingi sikio moja ni kubwa kuliko jingine. Kwa maelezo yako na kwa mwamba uliolitoa, mimi naweka dau kwa hao. Na ganda lao ni la kalsaiti, ndiyo maana umelikuta zima.

Ukitembea tena hapo fungua macho kwa vipande vya urchini, wale viumbe wa bahari wa mviringo wenye miiba, jamaa wa kiti cha pweza. Miiba yao iliyovunjika ni rahisi kutambua: kila mwiba ni fuwele moja ya kalsaiti, kwa hiyo hauvunjiki kwa uso wa chengachenga. Unavunjika kwa uso bapa ulioinama, unaong'aa wote kwa pamoja ukiugeuza kwenye jua. Ganda lao lina vifundo vilivyopangwa katika sehemu tano.

---

chumvi_kwanza

Kwenye usafishaji, adui wa vitu vya ufukweni ni chumvi. Jiwe litaonekana safi leo, baada ya miezi uso unaanza kubanduka unga. Chumvi iliyo ndani inavuta unyevu wa hewa, inakauka, inaota fuwele chini ya ngozi ya jiwe na kuisukuma nje. Hewa ya Tanga inalifanya hilo mwaka mzima.

Loweka kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, badilisha maji kila siku. Kipande kidogo wiki moja, tumbawe la ukubwa wa ngumi wiki tatu au zaidi kwa sababu vitundu ni vingi. Maji ya mwisho yawe ya mvua ukipata, maana ya kisima hapa pwani mengine yana chumvi yenyewe. Kausha kivulini. Ukiona ukungu mweupe umerudi juu ya jiwe, rudisha ndooni. Usichemshe ili kuharakisha, jiwe lenye nyufa hupasuka. Usitie jiki: inafanya weupe wa kuvutia na inaacha chumvi zake ndani.

Uchafu utoe kwa mswaki laini na kijiti cha mianzi, halafu sindano iliyofungwa kwenye kipini cha kalamu. Sukuma sindano kuelekea upande wa mbali na kisukuku, daima. Mwamba ukigoma, acha. Kisukuku kilichobaki nusu mwambani kina thamani zaidi ya kilichotolewa kikiwa na makovu.

Kinachomeguka kiimarishe baada ya chumvi kuisha na jiwe kukauka kabisa. Dawa nzuri ni Paraloid B-72 (resini ya akriliki) iliyoyeyushwa kwenye asetoni, gramu 5 kwa mililita 100, unapaka kwa brashi mpaka jiwe liache kunywa. Fanya dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa. Usipoipata, gundi nyeupe ya mbao sehemu moja kwa maji sehemu nne inasaidia kwa vipande vidogo. Vanishi usipake. Inang'arisha, inageuka njano, na inaziba kila kitu ambacho lenzi ilitakiwa kukiona.

Lebo ifanye siku hiyohiyo. Paka doa dogo la rangi nyeupe ya kucha upande usio na sura, likikauka andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, funika na rangi ya kucha isiyo na rangi. Kwenye daftari: namba, tarehe, mahali kwa GPS ya simu yenye tarakimu tano baada ya nukta (tarakimu ya tano ni sawa na mita moja hivi), kimo kutoka chini ya mwamba, na neno moja muhimu: "mwambani" au "kimeanguka". Kilichoanguka kinaweza kuwa kimetoka tabaka lolote la juu yake.

Picha piga taa ikiwa upande mmoja, chini kabisa, karibu iwe sambamba na uso wa jiwe. Mwanga wa juu unafuta viwambo vyote. Weka rula, si sarafu.

---

mwamba_na_bamvua

Swali la sheria lisipite. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda masalia ya kale, na visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea vimo. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kupeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiona mfupa mwambani, usiutoe: piga picha, chukua GPS, toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Mfupa uliotolewa bila kuandikwa tabaka lake umepoteza nusu ya maana yake, hata ukiwa mzima.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya pwani ya Tanga kuelekea Pangani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009. Kabla ya kuokota chochote tena, hata kilichoanguka chenyewe, uliza ofisi ya hifadhi eneo lako liko wapi na nini kinaruhusiwa. Mapangoni Amboni usibandue kitu. Kwenye magofu ya Tongoni vilevile, na huko pana mtego: mawe ya milango na mihrabu yalichongwa kwa Porites laini. Ukikuta tumbawe lenye upande ulionyooka na alama za tezo, hilo ni jiwe la jengo, liache lilipo. Makome na matumbawe yaliyo hai hayaguswi popote.

Kwa kutazama na kupiga picha, nenda siku za bamvua. Hapa kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo fika saa mbili na nusu, tembea ukiyafuata maji, na anza kurudi yanapogeuka. Viatu viwe vya soli ngumu. Usikae chini ya mwamba uliolika kwa chini: mawe yale uliyoyakuta yameanguka yalitoka hapo juu, na mengine yanafuata, hasa baada ya mvua za masika.

Ukipata ile chapa ya nje ya namba 2 weka picha ya plastisini hapa, taa ikiwa upande wa kushoto, pamoja na picha ya mdomo wa ganda. Mdomo ndio utakaotuambia ni konokono wa kundi gani.